Motokari Iliyokuja Juu ya Sinia

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu sikukuu na kubandika pua zenu kwenye kioo cha kabati, mkiniachia alama za mafuta ya vitumbua, leo nitawaeleza mara moja na sitarudia. Ile motokari ya kijani iliyomo ndani si mchezo wa mtoto. Haina betri. Haipigi honi. Msiulize inauzwa wapi, haiuzwi. Kwa sababu yake dada yenu mkubwa ameolewa, na kwa sababu yake mi nilikosa mboga msimu mzima. Kaeni chini.

Nasema Kiswahili alichonifundisha marehemu mume wangu, mtu wa ukoo wa Maniema, aliyependa kila neno likae mahali pake. Shule mi niliiona nikiwa nje ya dirisha. Lakini watu wakisema, nitawaacha waseme kama tunavyosema Kolwezi, maana ugomvi ukivalishwa koti hauchekeshi.

Marehemu alikuwa msafirishaji. Alipeleka chumvi, sabuni na vikwembe vya kitenge Sandoa, akarudi na mahindi, mihogo mikavu, na siku nyingine mbuzi mmoja juu ya magunia. Motokari yake ilikuwa ya kijani, yenye pua ndefu na mgongo wazi wa kubebea mizigo. Ilikufa kabla yake. Siku watu wa vyuma chakavu walipokuja kuikata, yeye aliondoka kwenda msikitini mapema mno, kabla hata ya adhana, ili asisikie msumeno. Ikatoka vipande vipande kwa geti kubwa. Tangu hapo geti halikufunguliwa. Likashika kutu, na sisi tukabaki kupita kwa mlango mdogo wa pembeni, ule ambao mbuzi nao wanapita. Mimi siachi ardhi ikae bure: pale nyuma ya geti nikapanda matembele. Majani yangu ya viazi yalikuwa mazuri kuliko ya mtaa mzima, na hayakukanyagwa. Hata imamu alipotaka kupita pale nilimgombeza.

Sasa, dada yenu. Ni mjukuu wangu wa kwanza, nimemlea mwenyewe. Akaja kumposa kijana mmoja wa upande wa Kindu. Alifika Kolwezi kuchimba kama wenzake wote, akatoka shimoni akiwa mzima, akajifunza kazi nyingine: moteri ya pampu ikiungua, yeye anaitoa waya za shaba za ndani na kuizungushia mpya. Kibanda chake kiko njia ya kwenda Kingamyambo.

Mi sikumtaka. Sababu nilizitoa nyingi. Mwembamba. Anacheka polepole, kama mtu anayeogopa kicheko kitaisha. Leo yuko juu ya ardhi, nani kaniambia kesho hatarudi chini? Sababu moja sikuitoa: akimchukua huyu binti, nani atanisomea maandishi ya chupa za dawa? Nani atathubutu kuniambia chumvi imezidi?

Na kwetu bibi ana nguvu yake. Katika utani, bibi ndiye mke wa kwanza wa mposaji, na anaomba kitu chake mwenyewe, mbali na mahari. Wengi wanaomba blanketi. Ila kitu bibi akikitamka akiwa amekaa kwenye mkeka, mbele ya wazee, hakibadilishwi tena, hata yeye mwenyewe hawezi. Siku kikiletwa, atakikubali au atakikataa. Akikataa, posa imekufa, kila mtu anaenda kwao.

Wazee wakakaa. Kaka yangu mkubwa ndiye anayesimamia posa zote za nyumba yetu, na anakula kwenye zote. Akanigeukia.

"Sasa tusikilize nkambo, bibi ya binti. Sema, dada, unataka blanketi gani? Ya simba ao ya maua?"

"Blanketi niko nazo. Mi nataka motokari."

Mjomba wa kijana alikuwa anakunywa chai. Chai ikarudi kikombeni.

"Motokari gani, mama?" akauliza.

"Ya marehemu. Ile ile. Isipunguke hata musumari moja."

Kaka akanikanyaga mguu. Nikamkanyaga zaidi.

Kijana hakutoa hata jasho. "Mama, ile ile ya kijani?"

"Unaniita mama juu ya nini? Mi njo muke yako ya kwanza. Ile ile ya kijani."

Akafikiri kidogo. "Sawa, muke yangu. Nitaileta."

Watu wa kwao walimtazama kama mtu aliyeahidi kunywa mto. Dada yenu alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka. Mi nikala wali wangu vizuri sana siku hiyo. Nilijua nimefunga geti la pili.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, natoka barazani namkuta huyu kijana amepiga magoti, ameshika kiatu cha marehemu, anakizungushia uzi. Dada yenu amesimama kando na picha mkononi. Picha yenyewe ndiyo moja tu tuliyobaki nayo: pua ya motokari, taa mbili, mlango mmoja, na marehemu ameweka mguu juu ya bampa kama mtu aliyeua tembo.

"Wee! Unapimia kiatu ya marehemu? Unataka kumurithi na yeye bado hajasahauliwa?"

"Hapana, muke yangu. Kwa picha kiatu iko juu ya bampa. Nikijua kiatu ni refu namna gani, nitajua bampa ni biatu ngapi, na mulango ni biatu ngapi, na motokari yote ni biatu ngapi."

Hilo nilikubali kwamba lina akili, ila sikumwambia. Halafu akatoa kwenye mfuko wa shati punje moja ya muhindi, akaiweka juu ya meza kwa heshima, kama anaweka dhahabu.

"Na hii?"

"Hii njo kiatu. Kiatu moja ya marehemu itakuwa punje moja."

Nikaangalia punje. Nikaangalia kiatu. Akili yangu si ya shule lakini inatembea. Viatu vyote vya motokari ile, kila kimoja kikiwa punje ya muhindi... Ile motokari itakuwa sawa na mkate!

Sikuvaa hata kandambili vizuri. Nilifika kwa kaka yangu pumzi zikinitoka.

"Ananicheka! Anataka kuniletea motokari ya kuweka juu ya mukate!"

Kaka alikuwa anakula karanga. "Dada, ulisema ukubwa?"

"Mutu gani anasema ukubwa ya motokari?"

"Mutu mwenye anataka kupanda." Akamenya karanga nyingine. "Ulisema isipunguke hata musumari. Haukusema isipunguke hata futi. Neno iko kwa mukeka, na mi siwezi kuitoa kule."

"Basi tuiache vile?"

"Njo vile. Lakini ikipunguka musumari, utakataa. Ile iko haki yako."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimetulia. Maana nani duniani bado anaijua ile motokari yote, nje ya picha, ndani na chini yake? Mi peke yangu. Mafundi waliokuwa wakilala chini yake wameshatangulia. Kijana alikuwa hana wa kumuuliza ila adui yake.

Na adui yake akaulizwa. Kila Ijumaa alikuja na kopo la dagaa, na ndani ya kopo, katikati ya pamba, vipande. Mwili wa motokari aliupiga kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, juu ya kipande cha mti alichokichonga kwa umbo lake. Springi za chini alizikata kwenye utepe wa saa mbovu. Taa zilikuwa vitako vya chupa ndogo za dawa ya sindano. Kioo cha mbele ni chupa ya maji aliyoilainisha juu ya mvuke wa sufuria yangu, na nilimlipisha mvuke huo kwa kumtwangisha mihogo. Waya wa shaba ndio ulikuwa kazi yake, aliutumia kwa kila kitu: fito za mlango, mkono wa gia, hata misumari ya ubao wa nyuma, kila mmoja mdogo kuliko jicho la sisimizi, umelehemiwa kichwa.

Mi nilivaa miwani, nikatafuta ubaya.

"Hii wavu ya mbele, imetoka wapi?"

"Ni... ni chujio, muke yangu."

"Chujio ya nani?"

Dada yenu akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Ndipo nikaelewa kwa nini chai yangu ilikuwa na majani kwa mwezi mzima. Nikakagua nyumba. Mwavuli wangu ulikuwa umepungukiwa na ubavu. Vibanio vya nywele vimekwisha, vimekuwa vifuta mvua. Kioo cha kopo la poda kimevunjwa kona, nayo kona iko pembeni ya mlango wa dereva, ndani yake nikaliona jicho langu mwenyewe, kali sana.

"Nyumba yangu inatoka kidogo kidogo inaingia mule," nikamwambia dada yenu. "Nikikufa mutachukua na meno."

"Meno yako ni meupe sana, nkambo," akasema. "Motokari haina kitu cheupe."

Mnaona jinsi nilivyomlea vibaya.

Siku moja alikuja akapima magurudumu barazani, na punje yake akaiweka juu ya meza. Kuku wangu mwekundu, yule mwenye kiburi, akaruka, akameza. Kijana akasimama na mikono kichwani.

"Kuku amekula metre yangu ya kupimia!"

"Muhindi ni ya kuku," nikamwambia. "Ulitaka akule nini?"

Nikampa punje nyingine kwa kapu langu. Mi huchagua mbegu kubwa, sijui kupanda ndogo. Ijumaa ya pili akaleta magurudumu aliyoyakata kwenye soli ya kandambili, na mistari ya tairi ameichora kwa wembe, vizuri kabisa. Akayaweka chini ya mwili. Motokari ikasimama kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake kwenda sokoni. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, polepole vile vile, lakini mara hii kilikuwa kicheko kirefu. Akayakata upya, na toka siku hiyo metre yake ikawa kipande cha shaba, maana shaba kuku haijui.

Usukani aliuleta umefungwa uzi mweusi. Nikamrudishia.

"Marehemu alifunga kikwembe, sababu jua ya njia ya Sandoa ilikuwa inachoma mukono."

"Kikwembe ya rangi gani?"

"Ya bluu, ya ndege. Ilikuwa yangu."

Kikwembe chenyewe ninacho bado, chini ya sanduku. Nikakitoa, nikakata utepe mwembamba kama uzi wa maharagwe, nikauzungusha mwenyewe kwenye ule usukani kwa sindano. Msinifikirie vibaya. Niliwaona watu wawili wale na mikasi yao, wangekikata vibaya. Na kiti cha abiria nikakirudisha pia, kwa sababu kilikuwa kizima mno. Kwenye safari moja ya kutoka Tenke mbuzi aliingiza kichwa kwa dirisha la nyuma, akala kona ya kile kiti, na marehemu hakukishona, alisema ni kumbukumbu. Kijana akachukua ngozi ya mkoba wangu wa zamani, tayari ameshaiba kipande, akauliza kwa adabu:

"Alikula upande wa kuume ao wa kushoto?"

"Upande wangu. Nilikaa juu ya meno ya mbuzi mpaka mwisho."

Halafu ukaja mlango. Ijumaa hiyo alifika mapema, amevaa shati safi. Akafungua kopo la dagaa, akatoa mlango wa abiria, akautia mahali pake, akausukuma kwa kucha. Ukafunguka. Ukafungika, na ukasema *tik*. Bawaba zake alizichonga kwa shaba, nyembamba kama mguu wa mbu, na komeo lake ni meno ya zipu. Dada yenu alipiga makofi. Hata mi roho ilitaka kupiga, nikaizuia.

"Ule mulango haufunguki," nikasema.

"Unafunguka, muke yangu. Ona." *Tik.*

"Mi nasema ya marehemu. Haikufunguka hata siku moja tangu nguzo ya daraja iipige. Mi nilipanda kwa upande ya dereva, namupita juu ya gia, na tumbo, na mutoto mugongoni. Funga."

Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone amekasirika, na alikuwa mzuri zaidi hivyo.

"Mama, unajua kazi nilitia mule? Nitengeneze muzuri, halafu niiue mwenyewe?"

"Ulisema ile ile."

 Dada yenu alinigeuzia mgongo. Kijana akawasha chuma chake cha kulehemu, akangoja kipate joto, akagusa bawaba moja, akagusa nyingine. Akachukua nyundo ndogo, akaupiga mlango ule pigo moja pembeni, ukabonyea. Kisha akanyoosha kidole kwenye lile pigo.

"Nguzo iliipiga hapa?"

"Chini kidogo."

Akapiga chini kidogo.

Kitu kimoja nilikuwa nimekificha. Mimi ni mfupi, mnajua, msicheke. Kwenye ile motokari miguu yangu ilining'inia, nikifika Sandoa imevimba. Marehemu aliona. Siku moja nikapanda nikakuta chini ya kiti changu kipande cha ubao wa kukanyagia, amekikata kwa kipimo cha miguu yangu. Hatukukizungumza kamwe. Hakionekani kwenye picha. Hakuna mtu hai aliyekijua. Nikasema moyoni: uje na motokari yako, bwana mdogo. Ubao huna. Siku ya mkeka nitainama, nitaangalia chini ya kiti, nitasema imepunguka, na binti yangu atabaki nyumbani.

Siku ikafika. Watu wa kijana wakasimama nje mtaani, maana kitu cha bibi hakiingii uwanjani kabla hajakikubali. Mi nikatoka kwa mlango mdogo nikiwa na miwani. Motokari ilikuwa juu ya sinia ya shaba, imefunikwa kitambaa cheupe, na sinia imebebwa na mjomba wake. Kaka yangu akaondoa kitambaa.

Mtaa mzima ukasogea. Kijani kile kile. Kiraka cha gurudumu la nyuma. Wavu wa chujio langu. Kaka yangu, aliyebebwa na ile motokari mara nyingi na kuisukuma matopeni mara nyingi zaidi, akasema taratibu: "Ee, dada. Na hii itakataa kuwaka, kama ile."

"Nyamaza, niangalie."

Nikaangalia mbele. Nikaangalia nyuma. Nikafungua mlango wa dereva kwa ukucha, maana mwingine umekufa, nikainamisha uso, nikaingia kwa jicho kama nilivyokuwa nikiingia kwa mwili: juu ya kiti cha dereva, juu ya gia, mpaka kwenye meno ya mbuzi. Chini ya kiti palikuwa patupu.

Nilikuwa nimeshinda. Nikainua kichwa niseme. Dada yenu alikuwa ndani ya uwanja, nyuma ya geti kubwa, ameshika vyuma vyake kwa mikono miwili, kutu imemjaa viganjani. Hakuniangalia mimi. Aliangalia mdomo wangu. Na kijana alikuwa ameangalia ule mlango uliobonyea, pale chini kidogo.

Nikafikiri: mtu anayekubali kuua mlango wake mzuri kwa sababu mwanamke amemwambia ulikuwa umekufa, huyo atamsikiliza mke wake. Wengi hawasikii hata wakiambiwa chumvi imezidi.

Kwenye pindo la kikwembe changu kulikuwa na kiberiti, kwa sababu asubuhi niliwasha makaa. Nikatoa njiti, nikaivunja kichwa, nikaivunja tena kwa kipimo, nikainama mara ya pili.

"Dada, unaweka nini mule?" Kaka yangu ana macho ya mwewe pale yasipotakiwa.

"Natoa vumbi."

Nikausukuma huo ubao mdogo kwa ukucha mpaka ukakaa chini ya kiti, mahali miguu yangu ilipokuwa ikikaa. Nilisema isipunguke hata msumari. Sikusema nani atapiga msumari wa mwisho.

"Sasa?" akauliza kaka. "Iko kamili?"

"Iko kamili."

Vigelegele vikaanza. Mjomba wa kijana akageuka na sinia yake, akainama apite kwa mlango mdogo, na wazee nyuma yake wakaanza kuinama mmoja mmoja kama kuku wanaoingia bandani.

"Simameni!" nikasema.

Wakasimama. Kijana akafumba macho. Sauti yangu, mnaijua, haina mlango wa pembeni. Nikawageukia watu wa nyumba yangu, dada yenu akiwa bado ameshika vyuma, na kaka yangu, na wote waliokuwa uwanjani:

"Nani amesema inapita pale? Leteni nyundo, leteni mafuta. Fungueni geti kubwa, pande zote mbili, na matembele yangu mukanyage. Motokari ya bwana yangu haipiti kwa mulango ya mbuzi."